Katalonia: Namna chama cha Lliga kilimwamini jenerali, jimbo likapoteza mamlaka yake
Lliga Regionalista ilianzishwa Barcelona mwaka 1901, miaka mitatu baada ya Uhispania kupoteza Cuba. Kilikuwa chama cha wenye viwanda: kilidai Katalonia ijitawale, lakini ibaki ndani ya Uhispania.

Mwaka 1914 wilaya nne za Katalonia ziliunganishwa chini ya uongozi mmoja, Mancomunitat, mkubwa wake akiwa Enric Prat de la Riba wa Lliga. Pesa zilikuwa chache, ila barabara, simu na maktaba zilijengwa.

Shida ilitoka viwandani. Mwaka 1919 mgomo ulikata umeme Barcelona, na mauaji kati ya watu wa matajiri na wa vyama vya wafanyakazi yakazidi. Wakubwa wa Lliga wakaogopa wafanyakazi kuliko Madrid. Jenerali Primo de Rivera alipopindua serikali Septemba 1923, wengi wao walimpokea vizuri. Ni yeye aliyefuta Mancomunitat mwaka 1925.

Mwaka 1931 Esquerra Republicana, chama kipya cha mrengo wa kushoto, kiliishinda Lliga kwenye kura. Hata hivyo somo halikuingia: vita vilipoanza mwaka 1936, Francesc Cambó, kiongozi wa Lliga, alimsaidia Franco kwa pesa. Mwaka 1938 Franco alifuta mamlaka ya Katalonia. Cambó alifia Buenos Aires mwaka 1947.