Tahadhari: Usiingie Uvunguni mwa Gari Linaloshikiliwa na Jeki Peke Yake

Kama wakati huu gari lako limeinuliwa uani kwa jeki na chini yake kuna mtu, mtoe kwanza ndipo uendelee kusoma. Mwambie atoke sasa hivi, hata kama amebakiza nati moja.

Safari za mwisho wa mwaka zimekaribia. Wa Dar es Salaam wanajiandaa kwenda Moshi, Mbeya na Bukoba. Wa Nairobi wanaelekea Kisumu, Kakamega na Mombasa. Gari linalosubiri safari ndefu namna hiyo hukaguliwa breki, bushi na oili, na kazi hiyo haifanyiki gereji tu. Fundi huitwa nyumbani, au mwenye gari hutazama video kwenye simu na kuanza mwenyewe. Video ya dakika tano haiwezi kukuonyesha udongo wa uani kwako ulivyo laini, wala sili ya jeki uliyoazima kwa jirani ilivyochakaa.

Jeki kazi yake ni kuinua. Kulishikilia gari wakati mtu amelala chini yake ni kazi ya stendi za chuma, zile zenye miguu mipana na nguzo ya katikati inayopandishwa na kufungwa kwa meno au kwa pini. Anayefanya kazi uvunguni bila stendi ameuachia uhai wake mpira mdogo ulio ndani ya jeki.

Ndivyo ilivyo hasa. Jeki ya mafuta, iwe ya chupa au ya magurudumu, hubeba gari juu ya mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda. Kinachoyazuia mafuta hayo yasitoroke ni sili za mpira na vali ndogo. Sili ikichakaa au uchafu ukiingia kwenye vali, gari hushuka, mara nyingine polepole bila wewe kugundua, mara nyingine ghafla. Ile jeki ya kukunja inayokuja na gari haina mafuta, lakini kitako chake ni chembamba. Gari likisogea kidogo tu, inalala ubavu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi, basi. Jeki nyingi zimebandikwa onyo la kutoingia chini ya gari. Ila magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na maonyo yake pamoja na kitabu cha gari vimeandikwa Kijapani, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kuyasoma.

Gari likianguka, vipimo havimwachii mtu nafasi. Gari dogo kama Corolla au IST, likiwa limesimama kwenye matairi yake yote, huwa na uwazi wa takriban sentimita 15 kutoka ardhini. Kifua cha mtu mzima aliyelala chali kina unene wa sentimita 20 au zaidi. Tairi likiwa limetolewa, uwazi huo unapungua tena. Gari la aina ya Noah lina uzito wa karibu kilo 1,500, na zaidi ya nusu ya uzito huo uko mbele, upande wa injini. Aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi, na asiyeweza kuvuta pumzi hawezi kupiga kelele. Mke wake yuko jikoni, watoto wako sebuleni, na hakuna anayesikia. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa.

Wengi hudhani wamejilinda kwa tofali. Tofali la saruji lenye matundu, au la kuchoma, hustahimili ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa juu yake. Chini ya gari uzito wote hukaa kwenye ncha moja ya chuma, na tofali haliinami kwanza ili likuonye. Hupasuka mara moja. Mawe yaliyopangwa huteleza. Usitumie hivyo kabisa.

Wengine hutegemea handibreki na gia. Katika magari mengi handibreki hukamata matairi ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma yote, haizuii chochote. Kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, ukiinua tairi moja la mbele, difu huliruhusu lile la pili lizunguke hata kama umeweka P au umeliacha kwenye gia. Ndiyo maana kabari hazipaswi kukosekana: ziweke mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Vipande vya mbao ngumu vilivyokatwa mshazari vinatosha.

Kazi ya salama huanzia kwenye sakafu. Tafuta mahali tambarare na pagumu. Mchanga wa Pwani hutitia chini ya jeki, udongo uliolowa mvua hulainika, na lami iliyochomwa na jua la mchana huweza kudidimia chini ya miguu ya stendi. Kama huna zege, unaweza kubadilisha tairi juu ya ubao mpana na mnene, lakini usiingie uvunguni. Lipeleke gari penye sakafu ngumu.

Legeza nati za tairi kidogo wakati gari bado liko chini, maana kuvuta spana kwa nguvu gari likiwa juu ndiko kunakolisukuma litoke kwenye jeki. Weka jeki mahali palipoandaliwa na mtengenezaji, kama kwenye alama za ukingo wa bodi karibu na matairi. Usiiweke kwenye sampu ya oili, kwenye gia boksi wala kwenye sakafu ya bati. Gari likishapanda, weka stendi mbili za urefu sawa chini ya sehemu imara, hakikisha meno yameshikana sawasawa au pini imepita hadi upande wa pili, kisha shusha jeki taratibu mpaka uzito ukae kwenye stendi. Simama pembeni, ulisukume gari kwa nguvu. Likicheza, lishushe uanze upya. Likitulia, iache jeki iguse gari kama msaada wa pili, na tairi ulilotoa lilaze chini ya ukingo wa bodi. Funguo ziwe mfukoni mwako, watoto wakae mbali, na mtu mzima mwenye simu awe karibu.

Stendi zenyewe nazo zichunguzwe. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe dukani stendi zaidi ya milioni 1 kwa sababu meno ya baadhi yake hayakushika vizuri na yangeweza kuachia gari. Mwaka huohuo baadhi ya stendi zilizotolewa kuwa mbadala nazo zilirudishwa kwa kasoro ya uchomeleaji. Angalia viungo vilivyochomelewa, soma uzito ulioandikwa, na uikatae stendi iliyopinda, iliyopasuka au iliyoliwa na kutu.

Likitokea la kutokea, usiingie uvunguni kumvuta aliyebanwa. Piga kelele ukusanye watu. Inua gari kwa jeki nyingine kwenye sehemu imara, na kadiri linavyopanda sogeza magogo au matairi chini yake ili lisirudi. Kama hakuna jeki, watu wengi washike upande mmoja na kuinua kwa pamoja. Uzito ukiondoka kabisa ndipo atolewe. Mmoja wenu awe anapiga simu: Tanzania ni 112, au 114 kwa Zimamoto, Kenya ni 999 au 112.

Neno la mwisho ni kwako mwenye gari, kwa sababu wewe ndiwe unayelipa. Anayeingia uvunguni mara nyingi ni saidia fundi, kijana mwembamba anayejifunza kazi, ambaye hawezi kumwambia bosi wake kwamba anaogopa. Wewe unaweza. Fundi akija bila stendi, mpe nauli aende akazichukue, au nunua zako zikae nyumbani. Akikuambia amefanya hivi miaka mingi na hakuna kilichotokea, mjibu kwamba gari hili ni lako na hakuna atakayelala chini yake bila stendi. Kazi isubiri hadi kesho.