Lebo ya Ngeli na Uteuzi wa Kanuni: Hoja kwa Watungaji wa Maktaba za Lugha

Makala haya yanashughulikia suala ambalo wanaisimu tumezoea kuwaachia wahandisi: namna programu inavyoteua kanuni ya upatanisho wa kisarufi inapopokea nomino. Dai letu ni kwamba suala hili ni la kiisimu kwanza.

Katika kiwango cha mwaka 2017 cha lugha ya kompyuta ya C++, maktaba sanifu iliongezewa aina ya data inayobeba thamani ya namna moja kati ya kadhaa, pamoja na lebo ya kuitambulisha. Kanuni huteuliwa kwa lebo hiyo, ama kupitia jedwali la anwani, ama kwa matawi ya moja kwa moja. Njia zikiwa chache, matawi huweza kuharakisha kazi.

Nomino ya Kiswahili ina tabia hiyohiyo. Tunasema "kitabu kimefika" lakini "kiongozi amefika". Programu inayoteua kwa kiambishi itakosea. Inayojaribu ngeli moja baada ya nyingine itapoteza muda. Yafaa lebo ihifadhiwe katika leksika pamoja na neno lenyewe. Hata hivyo, lebo ya nomino pekee haitoshi. Katika "rafiki yangu amefika", kimilikishi kinafuata upatanisho mmoja na kitenzi mwingine. Hivyo uteuzi hutegemea lebo mbili: ya nomino na ya kipatanishi. Lebo 10 za nomino na aina 5 za vipatanishi hutoa vyumba 50 tu.

Wapo watakaodai kwamba ni wepesi zaidi kuzika kanuni hizo ndani ya programu. Huenda ikawa hivyo kwa kasi ya mashine, lakini gharama yake inaonekana Mandawa, wilayani Ruangwa. Kimwera, ambacho Guthrie alikipa namba P22, ni lugha ya Kibantu yenye ngeli zake. Lebo na kanuni zikikaa katika jedwali, mwanaisimu anayekijua Kimwera ataandaa leksika na jedwali jipya, na utaratibu wa uteuzi utabaki uleule. Zikizikwa, wasemaji wake watasubiri mhandisi ambaye pengine hatafika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba jedwali la upatanisho liandikwe na wanaisimu, na uharakishaji ufuate baadaye. Kasi inayopatikana kwa kuifungia nje lugha jirani si ufanisi.