Jina la Mungu Si Kidonge cha Usingizi

Siku hizi mtu akikosa usingizi, awe Korogwe mjini au Kabuku kule Handeni, hana haja ya kutoka nje kutafuta msaada. Anafungua simu, na sauti nzito inaanza kutamka "Om", mara mia, mara mia mbili, huku ala zikipigwa taratibu. Chini yake pameandikwa kwamba hii hutuliza akili na kuondoa msongo wa mawazo, na kwamba si dini, ni mitetemo tu. Tumewakuta washarika wetu watatu wanaofanya hivyo. Mmoja ni mwanakwaya.

Hatuandiki ili kuwatukana Wahindu. Wamekuwa jirani zetu katika mkoa huu wa Tanga tangu siku za babu zetu, na wengi wetu tulinunuliwa sare ya kwanza ya shule katika duka la mmoja wao. Hoja yetu ya kwanza ni ya kuwatetea. Kwa Mhindu mantra ni sala. Ile iitwayo Gayatri, mashuhuri kuliko zote, imo katika Rigveda na inaelekezwa kwa Savitr, mungu wa jua. Kwa desturi mwanafunzi huipokea kwa mwalimu wake, na wanaorudia mantra huihesabu kwa shanga 108. Sasa mtu anayesema kwamba hayo ni mitetemo tu, amempa Mhindu heshima gani? Ni sawa na mtu achukue maneno ya Meza ya Bwana aseme ni mazoezi mazuri ya taya. Mchezo huo wa kuivua sala dini yake ulishika kasi tangu miaka ya 1950, Maharishi Mahesh Yogi alipoipeleka njia yake Marekani na Ulaya, na sasa unaturudia sisi kupitia simu ukiwa umevaa koti jeupe la daktari.

Mzigua na Msambaa, kati ya watu wote, hawapaswi kudanganyika hapa. Tumekulia karibu na ngoma za kupunga pepo. Kila mtu anajua kwamba pepo ana wimbo wake, na wimbo haupigwi ovyo, kwa sababu unaita. Wazee wetu walipobatizwa waliziacha ngoma hizo wakijua wanachokiacha. Iweje wajukuu wao waamini kwamba maneno wasiyoyaelewa, wakiyarudia usiku kucha, hayamwiti yeyote?

"Lakini mchungaji, mbona napata nafuu?" Tunaamini kabisa kwamba unapata. Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu 23 wenye afya, wakiwasalisha rozari kwa Kilatini na kuwatamkisha mantra. Kwa njia zote mbili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata utaratibu huo. Maana yake nini? Maana yake utulivu ule unatokana na pumzi, na pumzi ni ya Mungu aliyempulizia Adamu puani. Ukitaka kupumua taratibu, pumua. Huhitaji kuazima jina la mungu mwingine ili mapafu yako yafanye kazi.

Hapo tungeweza kumaliza, tukapigiwa makofi. Lakini yule mwanakwaya, kabla hajaenda kwenye simu, alikuja ofisini kwetu mara mbili.

Alisema halali, chakula hakina ladha, na akiwa jikoni machozi yanamtoka bila sababu. Mara ya kwanza tulimwombea tukamwambia apunguze mawazo. Mara ya pili tulimwambia afunge siku tatu. Mtu asiyekula, tulimwambia afunge! Kisha tukamweka katikati ya mkesha, tukapaza sauti "kwa jina la Yesu" hadi koo zikakauka, mara hamsini, mara sitini, kana kwamba Bwana ni mzito wa masikio. Yesu alikwisha kutuonya katika Mathayo 6 juu ya wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Tulichokifanya usiku ule kilikuwa mantra, tofauti ni jina tu.

Wala kurudia si dhambi. Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kimoja katika aya zote 26, na kila Jumapili tunamwomba Bwana aturehemu zaidi ya mara moja. Swali ni kama tunasema na mtu au tunasukuma mashine. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Alimwelekeza achukue Baba Yetu, ombi moja moja, akae nalo na kulitafakari, na moyo ukishapata moto aache maneno mengi. Katika Katekisimo Ndogo, baada ya sala ya jioni, anamwambia Mkristo aende kulala mara moja, kwa furaha.

Na pale usingizi unapokataa kabisa? Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumpa neno la kurudia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kanisa letu lilikwisha kulielewa jambo hilo hapa hapa Korogwe. Lutindi, milimani, palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo wapo, wanatibiwa, wanalima, wanafanya kazi za mikono. Zaidi ya miaka mia moja hospitali ya Kanisa iko juu ya vichwa vyetu, na bado sisi wachungaji tunamwona mgonjwa wa sonona tunamtangazia mfungo.

Aliyempeleka mwanakwaya wetu kwa daktari ni mzee wa kanisa mmoja, muuguzi mstaafu, wala hakutuomba ruhusa. Sasa anameza dawa na amerudi kwenye sauti ya pili. Juzi alituuliza kama ni dhambi kumeza kidonge kwanza na kusali baadaye, maana akianza kusali hupitiwa na usingizi kabla hajafika kwenye "mkate wetu wa kila siku". Tulimwambia ameze kwanza.