Sato wa Nakivale aachwe azae

Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, hupokea maji ya mto Rwizi unaopita Mbarara, na samaki wake huwalisha wenyeji pamoja na wakimbizi wa makazi ya Nakivale. Sato jike huatamia mayai kinywani na kuwalinda vifaranga humo humo. Akizolewa na kokoro kwenye mazalia ya ufukweni, hupotea na kizazi chake. Ili sato azae kwanza kabla ya kuvuliwa, kanuni za Uganda zinakataza kuvua sato aliye chini ya sentimita 28. Lakini kutekeleza kanuni hizo kwa kuchoma nyavu haramu bila kugusa soko ni kumwadhibu mvuvi maskini peke yake. Matundu ya nyavu yapimwe mwaloni kabla mitumbwi haijatoka, na samaki wachanga wazuiwe pia sokoni Mbarara, penye fedha.