Tusome Kosa Kabla ya Kulisahihisha

Muhula uliopita sisi wa chama cha kompyuta tulitengeneza programu ya simu kwa ajili ya maktaba yetu. Mtu akiifungua huona orodha ya vitabu. Akigusa jina la kitabu, ukurasa wa pili hufunguka kumweleza kama kitabu kipo rafuni au kimeazimwa. Siku mbili kabla ya sikukuu ya wazazi tulimpelekea Bruda mtunza maktaba aijaribu. Akagusa jina la kitabu. Programu ikafa. Akagusa tena, ikafa tena. Akaturudishia simu kwa upole, akasema ya kuwa yeye ataendelea na daftari lake.

Jioni ile tulikaa watano, kila mtu na dawa yake. Mmoja alifuta mistari aliyoishuku. Wa pili alinakili dawa kutoka intaneti, ya mtu ambaye ugonjwa wake haukuwa wetu. Wa tatu alitaka tuiondoe Android Studio yote tuiweke upya, na kifurushi chetu cha intaneti kikaishia hapo. Mimi mwenyewe, sitaki kujificha, nilibadili jina la ukurasa mara tatu bila sababu yo yote. Ilipofika saa tatu ya usiku hapana hata mmoja aliyekuwa amesoma maneno ya kosa, nayo yalikuwa mbele ya macho yetu, mekundu, katika Logcat.

Tulipoyasoma tuliona ya kuwa ni swali: je, aktiviti hii umeiandikisha katika AndroidManifest.xml? Hatukuiandikisha. Katika Android, aktiviti ni ukurasa wa programu, na anayeufungua si sisi bali ni mfumo wenyewe wa simu. Sisi twapeleka ombi tu, liitwalo intenti. Mfumo hutazama katika faili hiyo, na jina lisipokuwamo hukataa. Dawa ilikuwa mstari mmoja.

Kwa nini hatukusoma? Wengine husema ati maneno yale ni magumu. Mimi sikubali. Hapa Uganda twafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, na swali lile hata mtoto wa darasa la saba angalilielewa. Naona ni desturi tuliyoichukua darasani. Mwalimu akirudisha madaftari, twatazama alama tu, twafunga. Maneno aliyoandika kwa wino mwekundu hatuyasomi, maana twayahesabu kuwa ni adhabu. Basi na kompyuta ikisema nasi kwa wino mwekundu twafanya vile vile.

Kosa la pili lilikuja mara moja baada ya la kwanza. Ukurasa ulianza kufunguka, kisha ukafa. Safari hii maneno yalijaza kioo kizima, na mtu hushikwa na hofu. Lakini si lazima kuyasoma yote. Tafuta mstari wa mwisho unaoanza na “Caused by”, yaani uliotaja chanzo; kisha shuka hata uone jina la faili uliyoiandika wewe, na namba ya mstari pembeni yake. Ya kwetu ilikuwa namba 27. Pale tulikuwa tumeomba kitufe kilichomo katika mchoro wa ukurasa wa kwanza, nasi tumo katika ukurasa wa pili. findViewById hairudishi kitu ikiwa kitufe hakimo, na asiye na kitu akijaribu kukitumia huanguka.

Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye ni hodari kutupita sote, akatoa shauri ambalo mpaka leo twabishana juu yake. Alitaka kosa lo lote linaswe kwa try na catch, ili programu isife mbele ya wazazi. Kweli aibu ingalitupungukia. Lakini Bruda angaligusa jina la kitabu, na kisitokee kitu cho chote, wala neno la kumwambia kwa nini. Sisi nasi tusingalijua pa kuanzia. Nakubali pako mahali pake: ukitaka kufungua programu ya mtu mwingine, kama ramani, huenda haimo katika simu ile, basi yafaa kulinasa kosa na kumweleza mtumiaji. Lakini ukurasa wako mwenyewe usipofunguka, kosa ni lako, nalo lataka kuonekana.

(Ndugu yule huyo ndiye aliyetaka kupeleka picha kubwa ya jalada ndani ya intenti. Njia ile haipitishi zaidi ya megabaiti 1 hivi kwa mambo yote yanayopita wakati mmoja. Peleka namba ya kitabu tu. Ukurasa mpya utaitafuta picha wenyewe.)

Siku ya wazazi ukurasa ulifunguka. Bruda sasa aitumia programu, ingawa daftari bado liko mezani kwake, na sina neno la kumlaumu.

Nimemwandikia mlezi wa chama chetu kumwomba sharti moja: mtu asiguse mstari wo wote kabla hajasoma maneno ya kosa kwa sauti mbele ya wenzake. Wenzangu wawili wameniambia ya kuwa hilo ni jambo la watoto wadogo. Mlezi bado hajajibu.