Mgonjwa wa mpakani naye apate daktari anayemjua

TANGU kituo cha pamoja cha huduma kilipofunguliwa rasmi Rusumo mwaka 2016, lori linalovuka Mto Kagera halisimamishwi tena mara mbili. Maofisa wa Rwanda na wenzao wa Tanzania wanakaa chini ya paa moja, karatasi zinakaguliwa upande mmoja tu, na dereva anaendelea na safari. Ni jambo jema, na wafanyabiashara wana haki ya kulifurahia.

Lakini dereva huyohuyo akipandwa na homa katikati ya daraja, upamoja huo unaishia hapo. Akigeuka nyuma ana kadi ya bima. Akisonga mbele ni mgeni wa kulipa taslimu, tena bei kamili. Mzigo una utaratibu wa kuvuka mpaka, ila mgonjwa hana.

Chukua mfano wa mama mmoja ambaye watoto wake nimewafundisha. Anauza mchele na dagaa, wiki hii yuko huku, wiki ijayo yuko kule. Aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu katika zahanati moja ya upande wa Tanzania, akaandikiwa vidonge. Vilipokwisha alikuwa upande wa Rwanda, na daftari lake la matibabu alikuwa ameliacha ng'ambo. Alipofika kituo cha afya, muuguzi alimpima upya na kumwanzishia dawa upya. Aliporudi ng'ambo alinunua tena vile vya kwanza. Kwa kuwa pakiti hazikufanana, wala majina hayakufanana, aliamini kwamba hivi ni vya presha na vile ni vya maumivu ya kichwa. Akawa anameza vyote.

Siku moja ya soko alizirai akiwa amejitwisha mzigo, akaanguka na kuvunjika mkono. Daktari wa hospitali alipozipanga pakiti zile mezani, alikuta ni dawa ileile yenye majina mawili ya biashara. Mama huyu alikuwa akimeza dozi mbili kila siku, kila moja akiwa amepewa na mtu aliyesomea kazi yake na aliyeifanya vizuri. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayemjua.

Katika nchi zenye uwezo, mtu huyo huitwa daktari wa familia. Ndiye anayetunza jalada lako, anajua baba yako alikufa kwa ugonjwa gani, na ndiye anayekuandikia barua ya kwenda kwa bingwa. Sisi hatujafika huko, na hakuna sababu ya kudanganyana. Nchini Rwanda anayekupokea kituo cha afya ni muuguzi, na daktari unaanza kumwona hospitali ya wilaya. Mwenye mituweli asiye mahututi hawezi kuruka ngazi, sharti aende na barua ya rufaa. Utaratibu huu umesaidia sana. Kwa miaka mingi mwenye kadi alilipa faranga 200 tu kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama hospitalini. Vijijini wapo washauri wa afya, wale tunaowaita abajyanama b'ubuzima, ambao humtibu mtoto malaria, nimonia na kuhara kabla mama hajaanza safari ya kwenda kituoni.

Upande wa Tanzania nako mambo hayajasimama. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa uliwawezesha watu sita wa kaya moja kutibiwa mwaka mzima kwa mchango wa shilingi 30,000, na mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote. Huko pia mgonjwa huanzia zahanati, akapanda hadi kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na kuendelea.

Kwa hiyo kila upande una ngazi yake nzuri. Tatizo ni kwamba ngazi zote mbili zimejengwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Anayeishi kwa kuvuka hupanda ngazi hii nusu na ile nusu, na kila mara anaanzia chini.

Anayerejea kutoka uhamishoni hukutana na tatizo hilo kwa namna nyingine. Waliovuka Rusumo kwa maelfu mwaka 2013 baada ya kuondolewa mkoani Kagera, wengi walifika na kilichowezekana kubebwa kichwani. Kadi za kliniki za watoto, vyeti vya chanjo, daftari la mgonjwa wa sukari, hivyo si vitu ambavyo mtu hukumbuka kuchukua akiwa mbioni. Na hapa Rwanda, kwa miaka mingi, mchango wa mituweli ulitegemea kaya kuwa kwenye orodha ya ubudehe, na mwenye kurejea huanza kwa kutafuta kitambulisho. Katikati ya hapo mtoto haachi kuugua.

Sisi tuliosomea Karagwe tunamkumbuka mganga wa zahanati. Hakuwa na digrii, lakini kijiji kizima kilimwita daktari. Alijua nyumba yenye mtoto wa pumu, alijua ni mama gani aliyejifungua kwa upasuaji, na ukipita njiani bila kwenda kuchukua dawa zako alikuita kwa jina. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wetu wa familia, ingawa hatukulijua neno hilo. Alikuwa na uwezo huo kwa sababu moja tu: alikaa pale miaka mingi, na sisi tulikuwa palepale.

Wapo wanaosema simu italimaliza jambo hili. Rwanda ilijaribu. Huduma ya Babyl, iliyoanza mwaka 2016, iliwawezesha watu kuzungumza na muuguzi au daktari kwa simu ya kawaida, na watu wengi walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilianguka kifedha na huduma ikafungwa. Simu ni chombo kizuri, lakini daktari anayetegemea hesabu za kampuni ya mbali anaweza kutoweka siku ambayo mgonjwa hakufanya kosa lolote.

Wapo pia watakaouliza kwa nini serikali mbili zihangaikie afya ya wachuuzi wa daraja moja. Jibu limekwisha kutolewa na maradhi yenyewe. Homa ya Marburg ilizuka mkoani Kagera mwaka 2023. Mwaka 2024 ikazuka Rwanda, ikaua watu 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mwanzoni mwa 2025 ikazuka tena Kagera, wilayani Biharamulo. Nyakati kama hizo kila msafiri hupimwa joto mpakani. Ni sawa apimwe. Lakini mtu ambaye mfumo unamkumbuka siku ya mlipuko tu, naye hujifunza kuukwepa. Akihisi homa atakimbilia duka la dawa, ambako haulizwi kadi wala anakotoka.

Hatuombi daktari kwa kila familia kesho asubuhi. Tunashauri mambo matatu ambayo wilaya za Kirehe na Ngara, kwa idhini ya wizara zao, zinaweza kuyaanza bila kujenga hata ukuta mmoja.

Kwanza, liwepo daftari moja la mgonjwa wa mpakani, linalopokelewa pande zote mbili, likiwa na jina halisi la dawa na si jina la biashara pekee. Muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili. Lugha hii ni rasmi Tanzania, ni rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, na mgonjwa mwenyewe anaisoma. Daftari hilo lingeuokoa mkono wa yule mama.

Pili, mwenye kadi ya upande mmoja ahudumiwe kwa bei ya mwanachama katika kituo cha karibu cha upande wa pili, kisha mifuko hiyo miwili ilipane yenyewe kila baada ya kipindi. Kama ofisi za forodha zinaweza kufanya kazi pamoja, hesabu za vidonge haziwezi kuwa ngumu zaidi ya hesabu za mizigo.

Tatu, hospitali ya wilaya itoe daktari siku moja kila wiki, ile ya soko, aje kituo cha mpakani. Na awe yuleyule kwa muda mrefu, si zamu ya kubadilishana. Akimwona mgonjwa mara kumi atamjua, na hapo ndipo daktari wa familia anapoanzia.

Na sisi wananchi tuna letu. Mchango wa bima ulipwe mapema, si siku mtoto amezidiwa. Pakiti ya dawa isitupwe, ibebwe uendako. Na anayekunywa dawa za aina mbili aseme, hata kama hakuulizwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mfanyabiashara wa Rusumo amelima pande zote mbili za mto kwa miaka mingi, na ushuru wake unapokelewa pande zote mbili. Hakuna tena sababu ya kumwita mgeni pale anapolala kitandani.