Mto unatoa umeme, karakana inaungua

UKISHUKA kutoka Kamembe kuelekea Mururu unakutana na mto Rusizi, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 unazungusha mitambo ya umeme. Kituo cha Rusizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989, kina uwezo wa megawati 43.8 na ni cha Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Lakini katika shule moja ya ufundi ya huku kwetu, ambayo sitaitaja jina, nimekuta wanafunzi wanajifunza elektroniki kwa betri ya gari.

Betri ya gari haina huruma. Waya ukikosewa ikapigwa shoti, inasukuma mamia ya ampea papo hapo. Siku niliyofika, redio ya mazoezi iliungua mbele ya macho yangu. Mwalimu alifunga somo, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Dawa yake inajulikana, nayo ni pawasaplai ya mezani. Inachomekwa ukutani, inageuza volti 230 kuwa umeme mdogo kama wa betri. Kitufe kimoja kinapanga volti, kingine kinaweka kikomo cha ampea. Mwanafunzi akikosea, kifaa kinajizuia chenyewe. Mafundi simu wanaijua siku nyingi: wanaiweka kwenye volti kama 4 badala ya betri ya simu, wanatazama ampea, wanajua bodi ina shoti au haina.

Ipo pia inayopangwa kwa kompyuta. Unaiagiza ipande kutoka volti 0 hadi 15, hatua kwa hatua, huku ikiandika ampea zinazopita. Hapo kijana anajifunza kupima chaja ya sola kabla haijauzwa kijijini.

Kwa nini nalisema hili sasa? Serikali ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2024, asilimia 60 ya wanaomaliza miaka mitatu ya kwanza ya sekondari waingie ufundi. Ni lengo zuri. Ila sisi tuliorudi kutoka Kongo, Tanzania na Uganda tunajua kwamba cheti bila mkono uliozoea kazi hakileti ugali mezani. Kijana aliyefundishwa kwa kuogopa kuunguza hagusi kitu, na asiyegusa hajifunzi.

Kwa maoni yangu, shule isikimbilie zile za bei kubwa kwa kila mwanafunzi. Kila meza ipate moja ya kawaida yenye kikomo cha ampea, na darasa zima lipate moja ya kompyuta.

Nawe ndugu mfanyabiashara wa mpakani, hapa kuna biashara, ila usilete takataka. Kwanza, tazama nyuma: nyingi zina swichi ya 110 na 220, na kwetu lazima iwe 220. Pili, gusanisha nyaya mbili za kutokea mbele ya muuzaji. Ampea zisipobaki kwenye kikomo ulichoweka, mrudishie. Tatu, zidisha volti kwa ampea: 30 kwa 5 ni wati 150, na hiyo inatosha darasani.

Mto umefanya kazi yake miaka mingi. Kilichobaki ni volti chache zilizotulia juu ya meza ya mwanafunzi, na hizo haziletwi na bwawa jipya.